Faili la Zamu ya Mchana

Kompyuta nilisoma nusu. Nusu ya pili nilikamatwa na malaria, na niliporudi, chuo chenyewe kilikuwa kimegeuka saluni. Kwa nusu hiyohiyo nikawa fundi wa sava, ile kompyuta kuu ya kumbukumbu, kwenye ghala la maharage hapa Kasulu. Watu wa Nyakitonto wakileta mizigo, uzito unaingia kwenye sava, na sava ikikwama inaandika malalamiko yake kwenye faili, sisi tunaita logi. Nilikuwa nimeipanga ianze faili jipya kila siku, jina lake tarehe. Safi kabisa.

Bosi akasema tarehe haimwambii nani mzembe. Akataka kila zamu faili liitwe jina la aliyeko zamu, na Jumatatu kwenye chai ayasome mbele ya wote. Mwenye faili nene anaonywa, akirudia anaondoka. Nikabadilisha, si ndiyo kazi.

Zamu ya mchana alikuwa dada mmoja mwenye mapacha wa kunyonya, baba yao karudi Burundi na hajaonekana tena. Sasa huku mchana ndiyo mvua. Umeme unakatika, unarudi, sava inaamka na kulalamika kurasa kwa kurasa. Mimi zamu yangu asubuhi, jua linawaka, faili langu limekonda kama mwenyewe.

Jumatatu ya kwanza dada akaonywa. Nikamwambia bosi ule ni umeme. Akaniuliza huo umeme kauajiri nani. Watu wakacheka, na mimi nikacheka.

Ndipo nikajifanya mjanja. Nikaipanga sava ikate faili likinenepa kidogo tu na kuanza lingine, ili lake lisionekane nene. Jumatatu bosi akafungua, vifaili vyenye jina la dada vimejaa kioo kizima.

"Kumbe hata mafaili yake yanazaa bila baba," akasema. "Wewe kesho usije."

Kuna mtu chai ilimtoka puani. Dada akaweka kikombe chini, akachukua mtandio wake. Nikamfuata mpaka getini, nikamweleza kwamba nilitaka kumsaidia.

"Najua, kaka. Basi lifute jina langu humo. Wanangu nao wataomba kazi hapahapa."

Nikarudi ndani kuomba ruhusa. Bosi akasema yabaki yalivyo, wengine wajifunze, na zamu ya mchana sasa niishike mimi, niandike jina langu.

Dada alikuwa bado getini anasubiri jibu. Nikamwonyesha dole gumba dirishani. Akaniinamishia kichwa kushukuru, akaondoka.