Pipa Lililokuja na Mbao

Siku pipa lile la chuma liliposhushwa Shauri Moyo, kila mwanamume katika banda la wachongaji aligeuka mhandisi. Lilikuwa limeletwa kimakosa, chini ya shehena ya mbao kuukuu kutoka kiwanda fulani kilichofungwa. Tumbo kubwa, mdomo umeinamia upande, na ukilisukuma linazunguka. Mmoja akasema ni la kuchanganyia saruji. Mwingine, la kukaangia kahawa. Musyoka, mwenyekiti wa banda, ambaye hakuna jambo lisilomhusu, akaapa ni la kufulia sare za jela.

"Ni la kusugulia mbao," akasema Kasiva. "Kama si la mbao, lilikuwa linafanya nini kwenye mbao?"

Walicheka mpaka wengine wakaweka tezo chini.

Wacheke tu. Kasiva alianza kusugua vinyago hapo binti yake Ndindi akiwa mgongoni, na sasa Ndindi ana watoto wake. Wanaume huchonga, wanawake husugua kwa msasa na kupaka kiwi, ile ya kung'arishia viatu. Ndivyo mambo yalivyo. Mnunuzi akimpenda twiga huuliza nani amemchonga. Hakuna anayeuliza nani aliyemfanya ang'ae. Msasa ulikuwa umemla Kasiva vidole hadi alama zikafutika. Alipokwenda kusajili laini ya simu, kifaa cha alama za vidole kilimkataa kana kwamba hakuzaliwa. Baridi ya Julai ikiingia ngozi ilipasuka, na vinyago vya mbao nyeupe vikaanza kurudishwa vikiwa na madoa ya damu. Musyoka alishamwambia atafute kazi nyingine. Bila pipa lile, Kasiva hakuwa na mikono tena, na bila mikono hakuwa na kazi.

Akamwita fundi wa kuchomelea, akafungiwa mpini wa kuzungushia pipa. Akatia twiga, vumbi la mbao na vipande vya msasa, akazungusha. Twiga wakatoka bila shingo.

Musyoka akaokota kichwa kimoja, akakitazama kwa huzuni ya uongo.

"Mama Ndindi, umetuchinjia mifugo. Jumamosi gari la vyuma chakavu linapita. Hili dude likiwa bado halijulikani kazi yake, linaenda."

"Dude halina shida, mwenyekiti. Wenye shida ni twiga wako na hayo mashingo."

Alilia, ndiyo, lakini alilia nyumbani. Asubuhi alirudi, akachukua tezo bila kumwomba mtu, akaketi kuchonga kitu kisicho na shingo, miguu wala pembe. Mayai. Wanaume wakanong'onezana: mwanamke ameshika tezo! Akawaacha wanong'one. Alijaza mayai yake ndani ya pipa pamoja na msasa, akazungusha mpaka mabega yakawaka moto.

Jumamosi gari likafika kweli. Wakati huohuo akapita mzee Otiende wa Makadara, aliyestaafu kazi ya kiwandani, akaliona pipa na kutabasamu utadhani amekutana na shemeji yake.

"Wacha! Hili nimefanya nalo kazi miaka na miaka. Lilikuwa la kuvisha peremende sukari."

Banda zima likaangua kicheko, na Musyoka ndiye aliyecheka zaidi.

"Umesikia, Mama Ndindi? Peremende! Vijana, pakieni."

Kasiva akasimama kati ya vijana na pipa. Akaingiza mkono, akatoa yai, akalipangusa kwa leso na kuliweka kiganjani mwa Musyoka.

"Kama ni peremende, lamba."

Musyoka aliligeuza yai, akalipitishia kidole gumba kila upande akitafuta mahali ambapo msasa haukufika. Alitafuta sana. Mwishowe akawapungia vijana mkono waende zao, na yai akalitia mfukoni kimyakimya.

"Lete," akasema Kasiva, mkono ameunyoosha. "Hilo nimelichonga mimi, na nimelisugua mimi."