Mama Mdogo Hayumo Kwenye Orodha

Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa dobi, katika chumba chenye mlango wa bati nyuma ya stesheni ya zamani. Wateja wake wengi walikuwa askari wa mpakani. Aliwajua kwa nguo kabla ya kuwajua kwa sura: huyu jasho lake linakula kwapa, yule husahau pipi za mtoto mfukoni. Mtaani wakambandika jina la Mama Pasi, na utani wake haukuisha.

"Mama Pasi, una pasi tatu mezani, na hata moja haikuvushi daraja la mpakani," muuza mkaa alimwambia kila alipoleta gunia.

"Zangu zinanyoosha nguo. Hiyo unayoisema inanyoosha watu."

Alizaliwa ng'ambo ya daraja, pande zote mbili zikiwa bado nchi moja. Akaolewa huku akiwa na miaka kumi na tisa. Mwaka wa pili wa ndoa wakubwa wakakosana, nchi ikapasuliwa, na aliyekuwa upande huu akabaki upande huu. Hakuna aliyeulizwa amemwacha nani kule. Yeye alimwacha mama mdogo, aliyempokea akiwa na siku tatu, mama mzazi alipofia uzazini, akamnyonyesha titi moja na la pili akampa mwanawe. Mtoto yule hakuishi. Barua zilikuja mara mojamoja, zimefunguliwa na kugundishwa upya, na ya mwisho ilisema mama mdogo haamki tena kitandani.

Sheria ilitoa kibali cha siku saba kumwona mgonjwa, endapo ni mzazi, mume, mke au mtoto. Karani wa vibali alikuwa amevaa shati ambalo Mama Pasi alilinyoosha juzi yake.

"Mgonjwa ni nani wako?"

"Mama."

Karani akaandika. Kisha akafungua faili, akasoma, akaweka kalamu chini. "Hapa uliandikisha kwamba mama yako ni marehemu. Mama Pasi, mama yako anakufa mara ngapi?"

"Huyo ni aliyenizaa. Huyu ni mama mdogo. Ndiye aliyenilea."

"Basi umesema uongo mbele ya serikali."

"Mwanangu, wewe mdogo wake mama yako unamwitaje?"

Karani alitazama mlangoni kwanza. "Nyumbani namwita mama," alisema kwa sauti ya chini. "Hapa niko kazini."

Ombi likapigwa muhuri mwekundu. Alipokuwa anainuka, karani, pengine kwa aibu, akamnong'oneza kwamba kibali cha msiba kina orodha ndefu: mjomba yumo, shangazi yumo, mama mdogo yumo. Siku tatu tu. "Serikali haiogopi maiti," alisema.

Kumbe ili amwone angali hai, sharti aandike kwamba amekufa. Alikaa na jambo hilo wiki nzima, akaunguza kola mbili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kumtamkia kifo mtu anayepumua ni kumchuria, kumwitia mkosi, na mchuro humrudia aliyeutoa.

"Karatasi haiui mtu," alisema mumewe, fundi magodoro asiye na maneno mengi.

"Na nani alituambia daraja lile limefungwa? Si karatasi?"

Jumatatu akaenda, akaandika. Kibali kikatoka kabla ya saa sita mchana, na karani, kwa mazoea, akampa pole. Nyuma ya kibali kulikuwa na mstari mmoja wa herufi ndogo, ambao aliusoma akiwa ameshavuka: mwenye kibali atarejea na cheti cha mazishi, asiye nacho hatapokewa.

Alimkuta mama mdogo amebaki mifupa na macho. Mkono ukamtambaa usoni, polepole.

"Umezeeka, mwanangu."

"Nakufuata wewe, mama."

"Hao watu wamekuachaje ukapita?"

"Niliwaambia naenda kwa mama."

Mgonjwa akacheka mpaka akakohoa. Kesho yake aliomba chai, akainywa yote. Homa ikashuka. Majirani walipochungulia mlangoni walisema kumbe dawa ilikuwa ni mtoto, na Mama Pasi akaitikia, huku kibali kikiwa kimekunjwa ndani ya khanga yake.

Siku ya tatu ilipofika mchana, mama mdogo alikuwa amelala usingizi mzuri. Daraja lingefungwa saa kumi na mbili jioni. Ng'ambo kulikuwa na mume na watoto watatu, na mdogo wao alikuwa bado hajui kufunga kamba za viatu. Huku hakukuwa na kaburi, wala mtu wa kuandika kwamba lipo.

Aliketi kwenye ukingo wa kitanda, kiganja chake kikiwa juu ya kifua kilichomnyonyesha. Kilipanda, kikashuka. Kikapanda, kikashuka. Kisha kikachelewa kidogo, na katika kule kuchelewa, mahali fulani ndani ya Mama Pasi, pakapita nafuu.

Kifua kikapanda tena.

Aliondoa mkono wake, akaukalia, akageuza uso ukutani ili mama mdogo, akiamka, asimwone macho.