Msamaha wa Bandama

Habari za kifo chake zilinifikia kwa simu, katika kundi la wanafunzi wa zamani wa shule yetu ya wasichana, zikiwa zimepambwa kwa picha za mishumaa na mikono iliyokunjwa kusali. "Mwenzetu ametutoka," iliandikwa. "Fundi wetu mpendwa, mama mpole, binti wa shule yetu." Nilikuwa jikoni, maharage yanachemka, nikazima jiko nikausoma ujumbe mara ya pili. Kifo chenyewe hakikunishtua. Mama huyu alikuwa mgonjwa tangu mvua zianze, na nilimtembelea nikaona. Kilichonichafua roho ni lile neno mwenzetu. Kwa muda wote niliomfahamu, mikutano ya wanafunzi wa zamani ilifanyika hatua chache kutoka alipokuwa anashona, na hakualikwa hata kunywa soda, kwa sababu hakumaliza shule. Alikufa asubuhi. Kufikia saa sita mchana walikuwa wameshampa cheti.

Wasomaji wa safu hii mnaoishi Kasulu huenda mlimwona bila kumjua. Cherehani yake ilikaa barazani kwa mzee mmoja wa Kiislamu anayeuza vitambaa karibu na soko, na kila shule zilipokaribia kufunguliwa mstari wa wasichana na mama zao uliziba mlango wa duka hadi mzee akawa analalamika kwa furaha. Mimi nilipelekwa pale na mama yangu nilipochaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Fundi alinizungushia futi kiunoni, akakunja kitambaa kingi ndani ya mshono, na mama alipouliza kwa nini anapoteza kitambaa, akasema, "Sipotezi, namwachia nafasi. Ugali wa shule unanenepesha." Sketi zote alizoshona zilikuwa na hiyo nafasi ya siri. Nilikuja kusikia baadaye kwamba matroni mmoja aliwahi kumfuata pale barazani akamwambia kwa sauti ya chini, "Fundi, wewe ndiye wa kwanza kujua. Msichana akija kuongeza kiuno, tunong'oneze." Naye akajibu bila kuinua kichwa, "Mimi napima sketi, mama. Tumbo lina mwenyewe."

Nilipokuwa mwanafunzi sikuelewa uzito wa jibu hilo, ingawa tumbo langu mwenyewe lilikuwa limepimwa mara nyingi. Siku ya kwanza ya kila muhula tulipanga foleni nje ya zahanati ya shule, tukaingia mmoja mmoja, tukalala kwenye benchi, na mlezi akatubonyeza chini ya kitovu kwa vidole viwili huku akitazama ukutani kama mtu anayesikiliza redio. Hakuna aliyetuuliza kama tumekubali. Tulitoka tukichekana. Nikiwa kidato cha pili niliuliza darasani, kwa unyofu kabisa, wavulana wa seminari wao hubonyezwa wapi, nikakata majani ya uwanja wa mpira kwa wiki nzima. Huo ulikuwa ndio mwisho wa mjadala, na hata nilipoendelea na masomo hadi chuo kikuu sikuwahi kupata jibu bora zaidi ya lile panga la kukatia majani.

Sasa shule inaandaa jubilei, na jubilei haikamiliki bila kitabu. Kamati ya wanafunzi wa zamani ilinipa kazi ya kukiandika kwa sababu nina shahada na, kama mwenyekiti wetu alivyosema kwa upole, nina nafasi. Kulikuwa na sura ya waanzilishi, sura ya watawa waliotangulia, sura ya wahitimu waliofika mbali, na kwa kuwa siku hizi msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani, ikaongezwa sura yenye jina "Walioanguka Wakainuka," ili ionekane shule imewapenda wasichana hao siku zote. Fundi aliwekwa wa kwanza kwenye orodha. Nikaenda barazani na daftari langu. Alikuwa na mwenzake wa kazi, mama Mkongomani kutoka kambi ya Nyarugusu, aliyekuwa anashona vifungo. Nikamsomea fundi swali la kamati kama lilivyoandikwa: "Baada ya kuanguka, ni nini kilikuinua?"

Aliacha kukanyaga cherehani. "Nilianguka wapi?"

"Mama, sijasema mimi. Wameandika hivyo."

"Si wewe uliyeshika kalamu?"

Yule mama wa kambini akacheka. "Fundi anaanguka? Mimi sijaonaka. Labda kwenye matope."

Wakacheka wote wawili, na mimi nikacheka kwa aibu. Kisha fundi akaushika mkono wangu, akauweka kwenye ubavu wake wa kushoto, chini ya mbavu. "Hapa," akasema. "Lilikuwa gumu kama kiazi." Akanisimulia huku akiendelea kushona, na ninayaandika kama nilivyoyasikia. Alikuwa kidato cha pili. Homa zilimwandama mwaka mzima, akawa anatetemeka darasani hata saa saba za jua. Muhula ulipofunguliwa alilala kwenye benchi kama wengine, na mlezi wa siku zile, ambaye hakuwa muuguzi bali alijifunza kazi kwa kutazama, akagusa kitu kigumu tumboni akasema, "Miezi mitano." Hakupimwa kwingine. Kufikia jioni alikuwa ameketi kwenye sanduku lake la bati kando ya barabara, akisubiri lori la kwenda Kibondo.

Nyumbani Murungu, huko Kibondo, aliulizwa jina la mwanamume. Aliulizwa na mama yake, na shangazi zake, na katekista, kwa siku nyingi, hadi, alisema, "nikakaribia kumbuni mmoja ili nilale." Walimtengea chumba. Mama yake, pamoja na hasira yote, akaanza kutafuta vitambaa vya mtoto. Mwezi wa tisa ukapita kwa hesabu ya mlezi, ukapita wa kumi, na msichana akazidi kukonda huku ubavu ukizidi kujaa. Ndipo baba yake akampeleka hospitali ya misheni, na daktari akahitaji muda mfupi tu kusema kwamba hilo ni bandama, limevimba kwa malaria ya muda mrefu. Akaliandika kwenye karatasi. Baba, mkulima wa maharage ambaye kusoma kwake kulikuwa kwa taabu, akaikunja karatasi ile kwenye leso, wakasafiri juu ya lori na sehemu nyingine kwa miguu hadi shuleni, na akaikabidhi kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa sadaka. Mkuu wa shule wa wakati ule aliisoma, akamtazama msichana tumboni, akasema, "Basi ameitoa."

Nilimwuliza fundi baba yake alijibu nini. "Alisema ahsante," akasema. "Hakujua aseme nini kingine. Tukarudi. Karatasi wakabaki nayo."

Alinikatalia kuingia kwenye ile sura. Alitaka kitu kimoja tu, na alikitaja waziwazi ili nisikisahau. Katika kitabu cha kuandikisha wanafunzi, mbele ya jina lake, kuna mahali pa sababu ya kuondoka. Alitaka neno lililoandikwa pale likatwe na la kweli liandikwe. Nilikwenda ofisini kuangalia. Kitabu kipo, kimeliwa na mchwa pembeni, na jina lake lipo kwa mwandiko mzuri wa wino wa bluu, na mbele yake kuna neno moja: Mimba. Nilimweleza mkuu wa shule wa sasa, mtu mwenye elimu nzuri na tabasamu zuri. Alinisikiliza hadi mwisho, akanikaribisha chai, kisha akasema, "Vitabu vya zamani havifutwi. Ukifuta neno moja, utafuta mangapi?" Nilimwambia kwamba hilo ndilo swali ambalo ningependa lijibiwe. Akaniongezea sukari.

Hapo ndipo kosa langu mwenyewe linapoanza. Ningeweza kugoma kuandika kitabu. Ningeweza kurudi ofisini kila wiki hadi wanichoke. Nilimwambia fundi, "Tutaona," neno ambalo watu wenye shahada hulitumia pale ambapo wengine husema hapana. Yeye akaligeuza mzaha. Kila nilipopita barazani alinipigia kelele mbele ya wateja, "Mwandishi! Wameshanizalisha au bado?" Nikisema bado, alijishika mgongo na kujipinda kama mjamzito wa kweli. "Mimba yangu imezeeka, mwanangu. Hata tembo angekuwa amezaa." Mzee wa vitambaa alicheka hadi akatoa kilemba. Mara ya mwisho nilipomwona, amelala kwa mdogo wake, hakufanya mzaha. Aliuliza tu, "Bado?" Nikasema bado. Akafumba macho.

Tulimzika Murungu. Wanafunzi wa zamani walifika kwa basi dogo, wamevaa vitenge vya sare vilivyochapishwa nembo ya shule, nami nikiwamo, kwa sababu nililetewa changu nikakivaa. Shada lilikuwa kubwa. Zilipofika salamu za rambirambi, mwenyekiti wetu alisimama chini ya turubai, akapokea kipaza sauti, na akalia. Nataka niwe mkweli kuhusu hilo: machozi yalikuwa ya kweli. Alizungumza vizuri juu ya mikono ya fundi na sketi alizotushonea, kisha akasema, "Ni kweli, mwenzetu aliteleza akiwa binti mdogo. Lakini leo, mbele ya mwili wake, nataka familia ijue kwamba sisi dada zake tulishamsamehe zamani sana." Watu wakasema amina. Mstari wetu wote ulisema amina. Sikumbuki kama midomo yangu ilibaki imefungwa, na kutokukumbuka huko kunaniudhi.

Yule mama Mkongomani alikuwa ameketi chini pamoja na wanawake wa jirani. Aliinua mkono kama mwanafunzi. "Pardo, bamama," akasema, akiomba radhi kwa adabu zote. "Banamusamehe juu ya kosa gani?"

Mwendesha ratiba akamwambia, "Mama, muda umetubana."

"Nauliza tu. Mimi nimefanyaka naye kazi. Alifanyaka nini?"

Mwendesha ratiba akageukia orodha yake. Ndipo mdogo wa marehemu, mwanamume wa makamo mwenye udongo kwenye viatu kwa sababu alisaidia kuchimba kaburi, akaja mbele. Hakuchukua kipaza sauti, na hakukihitaji. "Dada yangu hakuwa na mimba," akasema. "Alikuwa na bandama. Baba aliwaletea karatasi ya daktari, hamkuirudisha. Amezikwa mzee yule bila karatasi yake, na leo tunamzika dada. Maua yaacheni, maana aliyapenda. Msamaha ondokeni nao." Akarudi kusimama mahali pake. Padri akaanzisha wimbo kwa haraka, na mstari wetu ukauitikia kwa sauti tatu, vizuri sana, kama tulivyofundishwa.

Baadaye, karibu na basi, mwenyekiti alinivuta pembeni. "Mdogo wangu, utaliandika kwa hekima, eh? Yule kaka ana uchungu, tumwelewe. Hayo ya bandama usiyaweke."

"Dada," nikamwuliza, "mlijua kwamba hakuwa na mimba?"

Alinitazama kwa mshangao, kama nimeuliza kama jua huchomoza. "Kila mtu alijua. Ndiyo maana tulimsamehe."

Nimelifikiria jibu hilo siku nyingi, na kila nikilifikiria nakasirika upya, kwa sababu hakuna ukatili ndani yake ambao ningeweza kumshitakia mtu. Kuna adabu tu. Mlezi alikosea kwa vidole, na kosa la vidole linaweza kusahihishwa na daktari yeyote. Lakini wale waliofuata walikuwa na karatasi mkononi, na walichofanya ni kutafuta namna ya upole ya kuendelea na uongo. Kwanza walisema ameitoa, kisha wakanyamaza, kisha wakamwita mfano wa kuinuka, na mwishowe wakamsamehe, ambayo ndiyo njia ya uhakika kuliko zote ya kuligonga kosa muhuri. Ukimsamehe mtu asiye na kosa umemhukumu mara ya pili, na safari hii hawezi kukata rufaa, kwa kuwa umelia.

Nimejitoa kwenye kamati. Si ushujaa, nimejitoa baada ya mazishi, wakati haina faida kwake, na hapa nakiandika kile alichokitaka ilhali kitabu cha ofisini bado kinasema Mimba. Wanafunzi wenzangu wataniandikia kwamba shule ile ilitupa kila kitu, na katika mengi wana haki. Ilitupa hesabu, Kiingereza, mwandiko na sauti tatu. Ila elimu ambayo haimwezeshi mtu kuuliza swali la maneno mawili kando ya jeneza ni mazoezi ya kukaa vizuri tu. Swali lile la kosa gani tulikuwa na jibu lake sote tuliovaa kitenge cha sare, na likaulizwa na mkimbizi ambaye hakuwahi kuingia lango la shule yetu. Mimi, ninayejisifu humu kila wiki kwamba nahoji kila kitu, nilikuwa mstari wa pili, magoti pamoja, mikono mapajani.