Mbuzi Aliyekataliwa Bure

Mimi ni mtu wa nyumba. Nashona mapazia sebuleni kwetu Kitengela, na nikichoka najinyoosha hapo hapo kwenye kochi. Mke wangu, anayeuza viatu Kajiado mjini, husema siku moja atanikung'uta vumbi pamoja na vitambaa vya makochi.

Mwalimu wa Gredi ya Tatu alikuwa ameagiza kila mtoto aigize soko na mzazi wake: mzazi auze, mtoto anunue. Binti yangu alitaka niuze mbuzi. Kila jioni alikuja kusimama mbele ya kochi.

"Baba, tufanye?" aliuliza, polepole kama anavyoongea siku zote.

"Kesho. Na uongee haraka kidogo, hiyo gari yako haina petroli."

Nilicheka peke yangu. Yeye akateremka getini kwa soja anayelinda ploti yetu, mzee mpole, na kutoka dirishani niliwasikia wakipatana bei kwa vicheko.

Siku yenyewe nilivaa suti ya harusi, ambayo siku hizi haikubali kufungwa, nikaenda shuleni. Kuuza mbuzi, si ni kupiga kelele tu? Binti yangu alipoitwa, nikasimama.

"Baba, kaa. Hujui maneno."

Soja aliingia, kofia mkononi; kumbe binti yangu alikuwa amemwomba aje. "Mwalimu, mzazi mwenyewe amekuja. Wacha mimi nirudi kazini."

"Huyo?" binti yangu akasema. "Huyo atauza mbuzi mmoja halafu aombe mahali pa kulala."

Darasa zima lilicheka. Niliijua hiyo sauti. Kwetu nyumbani, mwenye hiyo sauti ni mimi.

Mwalimu alinihurumia. "Basi baba awe mbuzi."

Nikapiga magoti na suti yangu. Soja alinishika ukosi, akanisifu: mbuzi wa soko la Illasit, amelishwa akashiba. Binti yangu alinizunguka, akanibonyeza mbavu.

"Huyu anatembea kweli?"

"Anatembea, mama."

"Akiitwa anakuja?"

Hilo yeye na soja hawakuwa wamelifanyia mazoezi. "Atazoea," soja alisema. "Nitakupunguzia."

"Sitaki."

"Basi mchukue bure, mama. Tafadhali."

Wazazi wengine walikuwa wakifuta machozi ya kicheko. Nikalia "mee", neno pekee nililopewa, nikimtazama usoni.

"Hata bure," alisema, akaenda kuketi kwenye dawati lake.

Soja alibaki amenishika ukosi, akimwangalia mwalimu.