Mume Wangu wa Karatasi

Kwa wiki mbili sikulala vizuri, nikijiuliza: mtu akiolewa kwa karatasi tu, halafu baadaye akaolewa kweli, atasema ameolewa mara ngapi? Nilikuwa nimemaliza chuo, ninaishi kwetu Lumino, upande wa Uganda, na shule moja ya Busia upande wa Kenya ilitaka kunipa kazi ya kufundisha hesabu, mradi niwe na kibali kabla ya muhula kufunguliwa. Rafiki yangu wa chuo akanikutanisha na Mkenya mwenye duka la spea Tororo, ambaye naye alikuwa akihangaikia karatasi za Uganda. Tungeandikisha ndoa ya kimila, kila mmoja apate kibali cha nchi ya mwenzake, kila mtu akae kwake, kisha tuachane bila kelele.

Naibu wa chifu wa kwao ndiye wa kutuandikia barua ya kuthibitisha ndoa, na asingeandika bila mzazi. Kwa hiyo tukaenda kwa mama yake, aliyekwisha kuelezwa kwamba ndoa ni ya karatasi tu. Kwa ajili ya maofisa, mimi nilikuwa nimekariri siku tuliyokutana, chakula anachopenda mume wangu, hata upande wa kitanda anaolalia.

Mama akanimiminia chai, akauliza kwa Kisamia, lugha yetu sote, baba yangu ni wa ukoo gani. Nikautaja. Akaweka birika chini.

"Huyu ni wa ukoo wetu, ni dada yako," akamwambia mwanawe. "Hukumuuliza?"

"Mama, ni karatasi tu."

"Karatasi hiyo si itakuwa na majina yenu? Na wewe binti yangu, chuo kizima ulikuwa unasoma nini?"

Kwa kuwa ndoa ilikuwa ya uongo, hakuna aliyekumbuka swali ambalo kwetu huulizwa hata kabla ya jina, maana wa ukoo mmoja hawaoani.

Tulipotoka, mwanawe akaninong'oneza, "Mwalimu, naibu wa chifu hamjui baba yako. Taja ukoo mwingine. Mama nitamtuliza."

Nililifikiria hilo njia nzima. Kumwambia ofisa kwamba nina mume nilikuwa nimeshajizoesha. Kumkana baba yangu mbele ya watu ambao siku moja wangekaa naye kwenye matanga, sikuweza. Lakini shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu.

Kesho yake asubuhi nikaenda kwa mwalimu mkuu wa ile shule ya Busia. Nikamwambia sina mume Kenya, nina shahada na kitambulisho cha Uganda, na kama shule itaniombea kibali cha kazi, nitangoja. Akasema watoto hawawezi kungoja. Nikamshukuru, nikachukua vyeti vyangu mezani, nikavuka mpaka kurudi kwetu.