Wa Kadi Kwanza

Enzi zetu pale Nyakato, kadi ilikuwa kipande cha boksi la sabuni. Mzee Masalu, mwenye duka, alikikata kwa mkasi, akaandika jina la mfanyakazi wa kiwandani, akagonga mhuri. Kuanzia hapo mtu huyo alichukua sukari, mafuta na sabuni hadi mwisho wa mwezi bila kutoa senti. Wababa waliiweka kwenye mfuko wa shati, ncha ikichungulia nje, hata kanisani. Wenzangu mnakumbuka. Mtu hana viatu vya maana, lakini kadi anayo.

Sisi wa hela mkononi tulisubiri. "Wa kadi kwanza!" alipaza sauti Mzee Masalu, na mwenye hela alikaa pembeni kama aliyekuja kuomba, akimpisha asiye na hata shilingi. Hakuna aliyeona ajabu. Kulipa taslimu kulimaanisha huna kazi, huna mtu.

Na kweli hatukuwa na mtu. Baba alifariki, mama akamfuata mwaka uleule, nikaacha shule darasa la sita, mkubwa wa watoto wanne. Nilinunua mapanki, yale mafupa ya sangara yanayobaki baada ya minofu kwenda Ulaya, nikayakaanga kando ya barabara. Nywele zilininuka samaki hadi wenzangu waliocheza rede wakanitania, "Da' Sangara, pita mbali, utatuharibia mpira!"

Siku moja akaja baba mdogo, mfanyakazi wa kiwandani, amejaa huruma.

"Chukueni unga na sukari kwenye kadi yangu," alisema. "Ila Neema aje kwangu Buhongwa. Mke wangu anataka wa kumlelea watoto."

Neema, mdogo wangu, alikuwa darasa la pili, amesimama palepale ameshika sketi yangu.

"Na shule, baba mdogo?"

"Shule ipo tu, ataikuta."

Hata mimi niliambiwa hivyohivyo.

"Asante, baba mdogo. Tutanunua kwa hela."

"Hela ipi? Ya mifupa?" Alicheka mpaka majirani wakachungulia.

Tukanunua mafuta ya kijiko, sukari ya kufungiwa kwenye karatasi. Siku nyingine uji ulikuwa mtupu, bila sukari, na Neema aliunywa akaenda shule. Kisha kiwanda kikauzwa, wafanyakazi wakapunguzwa, na wale wababa wa kadi wakajifunza kupita nyuma ya nyumba, katikati ya matuta ya viazi, wasionekane dukani walikodaiwa. Baba mdogo alikuwa mwepesi kuliko wote. Mzee Masalu naye akapata adabu ghafla: "Wa hela kwanza! Karibu, mama." Mimi, mama, na miaka kumi na mitano!

Siku hizi kadi ni za plastiki, zinang'aa. Watoto wa Neema wanazo, hata kununua maji ya chupa wanachomoa. Mtandao ukikatika wanabaki wameduwaa mbele ya mwenye duka, nami nafungua leso. "Mama mkubwa, bado unafunga hela kwenye leso?" wananicheka, huku wakinywa maji niliyolipia.

Nawaacha wacheke. Neema hacheki. Ni mwalimu sasa, na hajawahi kuwaambia wanawe kwamba aliwahi kutakiwa kwa kilo chache za sukari.