Ndoo ya Kumi

Mama muuza asali, ambaye meza yake sokoni Ipole imepakana na yangu ya karanga, ana vidole vinavyonata hata Jumapili. Kila msimu wa kurina, ndoo tisa huziweka mezani. Ya kumi huifunika kanga na kuiweka nyuma ya miguu yake, kwa ajili ya kanisa. Hiyo huichagua kwanza, akionja kwa ncha ya kidole na kuguna kwa raha, nayo huwa safi kuliko zote.

Juzi Jumamosi zile tisa ziliisha mapema. Xavery, mfanyabiashara wa Tabora mjini, akaiona iliyofunikwa.

"Mama, hiyo nakupa bei mara mbili."

Nilijua paa la nyumba ya mama linavuja, nikamkonyeza akubali. Akacheka.

"Hiyo si yangu, baba. Kesho inanadiwa kanisani, karibu."

Xavery akaja kweli. Mnada ulipoanza, aliyeshindana naye kupandisha bei alikuwa mama mwenyewe, anaitaka asali yake kwa pesa yake. Bei ilipofika mara tatu ya ile ya sokoni, mama akazidiwa, ndoo ikawa ya Xavery. Akavua viatu, akacheza mpaka madhabahuni huku akipiga vigelegele, na Xavery nyuma yake, ndoo kichwani.